Mkono Uliokosa Sikio

Binti yangu alipotimiza miaka minne, kila mwenye mdomo aliniambia lini aanze kusoma Kurani, na hawakupatikana wawili waliokubaliana. Mama mkwe alisema nimekwisha kuchelewa, kwani yeye alianza kabla hajang'oka jino hata moja. Mume wangu alisema miaka saba, umri wa kufundishwa sala. Kabla ya hapo ni kumsumbua mtoto bure. Mama yangu mzazi, Mkristo, mjane wa mvuvi kule kwenye maporomoko ya mto, hakuulizwa, lakini alijibu.

"Apate kwanza kifaransa ya maternelle," alisema, yaani ya shule ya chekechea. "Ile ya Kurani itamukuta tu."

Kila aliyemaliza kusema nilimwona ana haki. Asubuhi nilikuwa upande wa miaka saba, mchana nimekwisha hama. Mume wangu aliponiuliza mimi mwenyewe nataka nini, nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Nilichotaka sikuweza kukisema. Mimi nilisilimu nilipoolewa. Alhamdu niliishika ukubwani, kwa kumfuatisha mama mkwe neno kwa neno, na baadaye nikawa naizoeza jikoni nikitwanga lituma. Hapo kishindo cha mchi kwenye ndizi kilinisitiri. Sasa mtoto wangu angekwenda kwa mwalimu, angenipita ndani ya wiki mbili, na siku moja angenisahihisha mbele ya watu wa baba yake. Wao wangekuwa upande mmoja, mimi nimebaki peke yangu. Niliogopa. Tena niliona wivu, wivu wa mtoto niliyemzaa, na niliuonea aibu.

Mwishowe tukamwachia mwalimu. Mtaani kwetu huyu haulizi miaka. Watoto wengi hawana hata karatasi ya kuzaliwa. Anatumia kipimo cha zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, amekua, aketi. Visipogusa, arudi kwao akacheze. Mama mkwe akapanga twende Jumamosi.

Ijumaa nilimsuka. Siku zote humsuka mistari iliyolala. Siku hiyo nilichukua uzi mweusi, nikamfunga nywele za kusimama, fungu juu ya fungu, mpaka kitambaa nilichomvalisha kikainuka kama kuna sufuria chini yake. Nilifanya makusudi? Nimejiuliza mpaka leo. Naweza kuapa kwamba mikono ilikwenda yenyewe. Naweza kuapa vilevile kwamba nilijua.

Barazani kwa mwalimu, binti yangu alipitisha mkono. Ulipanda, ukavuka lile rundo la nywele, vidole vikaning'inia hewani. Alijinyoosha mpaka ulimi ukamtoka.

"Haifike," mwalimu alisema kwa upole. "Bon, mama, umurudishe mwaka ingine."

Nilishusha pumzi, na papo hapo nikajichukia. Mama mkwe alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. Ni mwanamke, nywele anazijua.

Njiani mtoto alikuwa kati yetu, analia. Kisha akanyamaza ghafla, akaanza kusoma. Alhamdu! Alisoma huku akijipiga paja kwa ngumi, kwa mwendo uleule wa mchi wangu. Alipofika katikati akasimama barabarani, akainama, akageuza ndizi ambazo hazikuwepo, akainuka na kuendelea. Alikuwa ameruka aya nzima.

Ni pale ninapoinamia kinu kugeuza ndizi. Sikujua kwamba huwa naruka kitu. Nasali kimyakimya, na jikoni mchi ulifunika kila kosa, nani angenisikia?

Mama mkwe alisimama. "Nani alikufundisha vile?"

Mtoto alininyooshea kidole. "Mama. Pa lituma."

Sikujua nilie au nicheke. Miezi yote ile nilihangaika kuuliza aanze lini, kumbe ameshaanza, na kosa lenyewe amelitoa kwangu. Ameanza siku gani? Sijui. Nilikuwa nimempa mgongo, natwanga.

Nikaketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa, nikamweka mtoto katikati ya magoti, nikamvua kitambaa, nikaanza kuvuta nyuzi. Watu walipita wakitutazama. Nilitegemea mama mkwe anigombeze, na ningestahili. Badala yake aliketi, akashika upande wa pili wa kichwa, tukafumua pamoja.

"Na wewe utaikala pale pamoja naye," alisema bila kuinua macho.

"Mama, mimi ni mutu mukubwa."

"Nimejua. Vuta uzi."

Tukarudi. Mwalimu aliona nywele zimelala, akaona na nyuzi nyeusi zimejaa mkononi mwangu, akamwashiria mtoto apitishe mkono tena. Mkono ulivuka, ukalishika sikio lote. Binti yangu akakaa mkekani. Nami nikakaa nyuma yake, magoti yakiniuma, wenzangu wote wakiwa watoto wasiozidi kinu kwa urefu. Mwalimu akasema tuanze na Alhamdu, sauti ya juu, wote.

Tulipofika katikati, binti yangu aliinama. Na mimi, bila kutaka, niliinama.

Mwalimu alitutazama, mmoja kisha mwingine.

"Rudieni," alisema. "Ninyi wawili."