Hatukuambiwa Mguu Haukandwi

Kitandani kwa dada yangu hospitalini asubuhi ile, enzi za ukoloni, tulikuwa sita, na mtoto wa saba. Dada mwenyewe, tumbo moja na mie, yeye mkubwa mie nikimfuata, kalala chali siku ya kumi tangu apasuliwe kutolewa mtoto. Mama mkwe wake, aliyemzaa mumewe, kakaa upande wa kichwani na kichanga mapajani. Mie nimesimama miguuni na kapu la chakula. Daktari mkubwa, Mzungu mtu mzima, mwenye wodi ile. Daktari mdogo, Mzungu vilevile, aliyeshuka melini miezi michache nyuma, hana undugu na yule mkubwa ila wa kazi. Na dresa, kijana wa bara, Mkristo, kazi yake kusafisha vidonda na kututafsiria. Shemeji yangu hakuwapo, alikuwa bandarini akibeba magunia ya watu.

Majina yao wote ninayo, hata la Mzungu mdogo, ambalo kwetu Mtoni hakuna aliyeweza kulitamka likatamkika. Siyaandiki. Wana wajukuu, na wajukuu hawakuwapo kitandani. Lakini asije mtu akasema bibi kasahau. Mie nilisoma chuo cha Kurani kidogo, na ngumbaro ukubwani, kalamu yangu nzito, ila kichwa changu hakijatoboka.

Kabla madaktari hawajafika tulikuwa tunacheka. Mama mkwe alikuwa akimtania dresa, kama kila siku.

"Wee mjukuu wangu, huko kwenu bara wanawake wamekwisha? Mbona huoi?"

"Mahari, bibi. Kwetu ni ng'ombe."

"Basi oa huku. Huku tunakupa kwa kitanda na shuka, ng'ombe utawala sikukuu."

"Wataniambia nile na pweza."

"Utamla! Na utaomba wa pili."

Dada akacheka akashika tumbo, akasema, "Mama, mshono." Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo, kwa hiyo naiandika.

Wakaingia. Mzungu mdogo alikuwa na karatasi zao za kidaktari kwapani, kidole kakitia katikati asipoteze mahali. Hakutusalimu. Akafunua shuka upande wa miguuni, akashika shavu la mguu wa kushoto, akaminya. Nikauona uso wa dada ukikunjika. Kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele za watu. Mzungu akasema neno, dresa akatafsiri.

"Anauliza, hapa panauma?"

Dada akamtazama mama mkwe wake. Nyie wa leo mtasema mjinga. Hamjui. Mwanamke kwetu hawezi kulalamikia mguu mbele ya mkwe, mguu wenyewe umefunuliwa, na wanaume watatu wamesimama, mmoja wao kijana ambaye dakika ile ile alikuwa akiitwa mjukuu. Kusema "panauma" ni kumwambia mkwe kwamba mwanawe kaozeshwa mgonjwa. Hata wakati wa uchungu wa kuzaa dada hakupiga kelele, na mama mkwe alikuwa akijisifu kwa hilo mtaa mzima.

"Hapaumi," dada akasema. "Sijambo."

Na mie niliuona ule uso. Sikusema.

Mzungu mdogo hakuridhika. Akafungua karatasi zake pale alipotia kidole, akaanza kumsomea mkubwa wake. Akapiga karatasi kwa mgongo wa mkono. Akaonyesha dada, akaonyesha sakafu, akatembeza vidole viwili hewani kama miguu inayokwenda. Mkubwa akatikisa kichwa. Mdogo akaongea zaidi, shingo imemwiva. Mkubwa akacheka, akampiga begani kama mtoto aliyeleta mchoro mzuri. Walizungumza mpaka uji kwenye kapu ukapoa. Juu ya mwili wa dada yangu walizungumza, shuka lingali limefunuliwa, na hakuna hata mmoja aliyelirudisha. Nililirudisha mie.

Walipoondoka, mama mkwe akauliza, "Wamesema nini?"

Dresa alikuwa kashika beseni la vidonda. "Wamesema apumzike. Asitikisike."

"Maneno yote yale, apumzike tu?"

"Kizungu kirefu, bibi."

Tukacheka. Mie nilicheka. Kila nikikumbuka kwamba nilicheka, naiweka kalamu chini.

Siku ya kumi na nne wakaturudishia dada yetu. Shemeji akakodi teksi, tukambeba mpaka ndani, hakukanyaga hata kizingiti. Tukamlaza, tukaanza kuhesabu arobaini. Asitikisike tumeambiwa, na asitikisike ndiyo desturi yetu pia, basi siku hiyo tukaona Wazungu na wazee wetu wamepatana, tukafurahi. Maji ya kuoga namletea mie. Chombo cha haja namletea mie. Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, kanga safi zilizofukizwa udi, zote mie. Akitaka kushusha mguu namwambia, "Rudisha, daktari kasema." Akanitania, "Umekuwa dresa sasa?" Nikamwambia, "Nimekuwa daktari mkubwa. Lala."

Mzazi kwetu hukandwa kwa maji ya moto. Hukandwa tumbo, mgongo, nyonga, miguu. Mie nilikuwa na mikono ya kukanda, nilirithi kwa bibi yetu, na wazazi watatu wa Mtoni nilikuwa nimeshawakanda kabla ya dada, wakasifu. Lakini dada alikuwa na mshono. Tumbo sikuligusa, niliogopa litafumuka. Mgongo ningeukandaje na mtu hageuki? Ikabaki miguu. Mikono yangu yote, nguvu zangu zote, mapenzi yangu yote yakaishia kwenye miguu ile miwili, asubuhi na jioni.

Mguu wa kushoto ukavimba. Tulipokuwa wawili tu, mkwe yuko jikoni, dada akanambia kweli: "Unauma tangu hospitali. Usimwambie mama." Sikumwambia. Nikazidisha maji ya moto. Nikazidisha mafuta ya nazi. Nikakanda kutoka kisigino kupanda juu, kwa dole gumba, kama nilivyofundishwa, uvimbe upande upotee. Akawa anauma ncha ya kanga. Mie namwambia, "Vumilia, unatoka."

Siku ya tatu ya kukanda hivyo, asubuhi, jua limeshakuwa kali uani, nilikuwa nimefika chini ya goti. Akanishika mkono. Akasema, "Kifua kinabana." Akajaribu kukaa. Nikamwambia asitikisike. Ndilo neno la mwisho nililomwambia dada yangu, asitikisike. Hata mama mkwe alipofika kutoka jikoni, unga mikononi, alikuwa keshakwisha.

Wanawake hawakuuliza nini kimemuua. Waliuliza nani alikuwa akimkanda. Kwenye kuosha maiti mmoja alisema, nami nasikia, "Mikono mingine ina uzito." Mama mkwe alinitazama tu, mtoto begani. Ningependa angenitukana.

Siku ya khitma akaja dresa. Alikuwa kavaa shati jeupe la kanisani, akakaa na wanaume, akanywa kahawa. Alipoondoka akanikuta kwenye ua wa makuti nikisugua sufuria.

"Pole, dada. Kwani ilikuwaje?"

Nikamwambia, na kukanda nikamwambia. Akashika kichwa. Akasema, "Mmemkanda ule mguu?" Nikasema ndiyo. Akatazama alikotoka kama anayetaka kukimbia, halafu akasema yote. Kwamba zile karatasi zilikuja na meli kutoka Ulaya. Kwamba madaktari wa huko wamechunguza, wameona mtu aliyepasuliwa akilazwa siku nyingi damu humganda miguuni, hivyo ainuliwe mapema, atembezwe. Kwamba yule mdogo alitaka dada ainuliwe siku ile ile, na alisema mguu ule asiuguse mtu, maana damu iliyoganda ikisukumwa hupanda kifuani. Kwamba mkubwa alisema mambo mapya ya Ulaya yangoje, wodi yake ina amri yake, siku kumi na nne.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Sikuiweka chini.

"Na wewe ukatuambia apumzike."

"Ndilo alilosema mkubwa, dada."

"Na mguu?"

"Hilo walikuwa wanajadiliana wao kwa wao. Mambo ya madaktari."

"Ulikatazwa kutuambia?"

"Sikukatazwa." Akafunga kifungo cha shati. "Sikuambiwa niseme."

Nyie, nimeishi na maneno hayo zaidi ya nilivyoishi na mume. Jambo lilikuwapo. Lilivuka bahari, likaandikwa, likapigwa chapa, likafika mpaka kwenye kitanda cha dada yangu, likasomwa kwa sauti hatua mbili kutoka kwenye sikio langu. Likakosa mtu wa kulivusha kutoka upande ule wa kitanda kuja upande huu. Kuniambia mie usikande, tena kwa Kiswahili, maneno mawili! Mguu haukandwi. Basi.

Asubuhi ya pili nikavaa buibui nikashika barabara ya Kilwa, upande wa kurudi mjini, kwa miguu mpaka hospitali. Nikamkuta dresa barazani.

"Nipeleke kwa yule mdogo."

"Dada, usinitafutie makubwa. Nitafukuzwa."

"Fukuzwa."

Mzungu mdogo alikuwa anatoka wodini, bado na karatasi kwapani. Nikasimama mbele yake. Nikasema, taratibu ili dresa asipate kisingizio: "Mwambie yule mwenye mguu kafa. Mwambie mie ndiye niliyeukanda. Muulize kwa nini alijua na hakunambia."

Dresa akasema maneno machache. Mzungu akatabasamu, akaniinamishia kichwa. Katika maneno yale nililijua moja, kila mtu wa mjini alikuwa akilijua. Senkyu. Alimwambia nimekuja kushukuru!

Sikumtukana dresa. Nilishika buibui langu, na kanga chini yake, nikapandisha mpaka gotini, pale barazani, wanaume wanapita. Mie, mwanamke wa Mtoni, mtoto wa mwalimu wa chuo. Nikaminya shavu la mguu wangu wa kushoto kama alivyominya yeye. Nikapandisha vidole mpaka kifuani, nikapiga kifua. Kisha nikaonyesha chini, ardhini.

Tabasamu likamtoka. Huyo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akasema kitu kwa sauti ndogo, na mara hii dresa akatafsiri sawasawa.

"Anauliza, mlimkanda?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi baada ya kutoka?"

Nikamwambia. Akatoa kalamu ya risasi na kijitabu mfukoni, akaandika. Akauliza saa. Akaandika. Akauliza kama alipumua kwa shida kwanza au alianguka ghafla. Akaandika. Kila nililojibu likaingia kitabuni, na kwa mara ya kwanza mie na Mzungu tukawa tunazungumza. Nikangoja aulize jina lake. Nikaliweka tayari mdomoni, lake, la baba na la babu, maana nilijua kwa wenzetu kitu kikiandikwa ndiyo kimekuwa kweli.

Akafunga kijitabu.

Nikalitaja vilevile, majina matatu, kwa sauti. Dresa hakutafsiri. Hakukuwa na cha kutafsiri.

Sikukanda mzazi tena. Waliokuja kuniomba nyuma, baada ya watu kusahau, niliwaambia mikono inauma. Mtoto alilelewa na bibi yake, sasa naye ana wajukuu, na miguu yake haijambo.

Labda dada yangu yumo katika karatasi za madaktari, mwanamke fulani, mguu wa kushoto, alikandwa. Labda kuna mtu mahali fulani alipona kwa sababu yake. Wakinambia hivyo sitafurahi.

Kama yupo aliyelazwa wodi ile miaka ile, au mtoto wa aliyelazwa, na asome haya aone nimekosea, anisahihishe. Huenda ilikuwa siku ya tisa na si ya kumi. Huenda dresa alishika beseni au alishika kisahani cha pamba, na huenda mkubwa alimpiga mdogo begani mara mbili. Aje Mtoni, aulize nyumba ya bibi mwenye hasira, ataonyeshwa. Nitafuta na kuandika upya. Ila hili la jina kutoulizwa, hapo asijisumbue kuja. Nilikuwa nimesimama, nilikuwa nimengoja, na mguu wangu ulikuwa wazi.