Gari Lililokataa Kunywa

Nyie vijana, someni hadi mwisho, msiruke mistari. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka gereji Karatu akishangilia kwamba gari lake sasa linakula mafuta kidogo. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa dereva wa Landrova ya misheni, gari lililonuka petroli na maziwa yaliyomwagika. Kila akienda Nainokanoka alibeba debe la petroli ya akiba, na lilirudi tupu. Kisha fundi akasafisha kabureta na kubadilisha plagi. Alasiri iliyofuata baba alirudi, akatumbukiza kijiti kwenye tangi, akamwita mama kwa kelele: "Njoo uone! Debe sijaligusa!"

Nilishtuka. Kwetu ng'ombe akiacha kunywa, kesho anachunwa ngozi. Na gari likifa, baba angekosa kazi.

"Baba, linaumwa?"

"Toka hapa! Unajua nini wewe?"

Nikaenda kuchota gao la magadi, kiasi cha kujaza kiganja, maana ng'ombe akilamba magadi hupata kiu. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha tangi baba aliponidaka mkono.

"Unaniulia gari!"

"Nalitibu, baba. Limekataa kunywa."

Alinitazama, akaketi palepale kwenye matope, akacheka mpaka akafuta machozi. Ndipo akanieleza kwamba kabureta ilipokuwa chafu, petroli nyingi ilipotea bure. Maelezo hayo yalikuwa mafupi kuliko kicheko chake.

Kwa hiyo hapa kwangu nimeshaagiza: mtoto akiuliza, ajibiwe hapo hapo.