Kanda Sitini na Moja Zenye Mwandiko Wangu

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Naanza na hilo kwa sababu sikuwa na kingine cha kujivunia. Shule niliishia darasa la saba, ila mwalimu wetu alikuwa mtu wa rula, na herufi iliyolala vibaya ilimuuma kuliko jibu lililokosewa. Nilipoajiriwa hospitalini kama tarishi, wakaziona bahasha nilizoandika, wakasema huyu apelekwe masjala. Nikakaa huko miaka thelathini na minne. Waliniita Mzee Kabati, maana ukitaja faili mkono wangu ulikuwa umeshafika.

Baadaye mafaili yakaingia kwenye kompyuta. Waliozaliwa, waliolazwa, waliopasuliwa, wote wakahamia kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayokaa chumba cha baridi ikivuma kama mzinga wa nyuki. Nikadhani nimekwisha. Lakini fundi wa wakati ule, bwana mpole asiyekosa njiti ya kibiriti mdomoni, akanipa kazi. Kila Ijumaa seva inatoa nakala ya akiba kwenye kanda, kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, ili seva ikifa tusife nayo. Nichomeke kanda mpya, nibonyeze, nisubiri itoke, niandike tarehe juu yake, niipange rafuni.

"Na ikishaandikwa, mzee, sukuma hiki kidude cha pembeni. Ni kufuli. Hapo hakuna wa kuifuta."

Nikafanya hivyo miaka mingi bila dosari. Kisha fundi akapata kazi kwingine, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili hatukuwa na fundi. Ndipo likaja boksi kubwa la kanda mpya. Mimi mtu wa kupenda mpango, nikaketi asubuhi moja, chai pembeni, nikayasukuma makufuli yote kwa mpigo ili Ijumaa nisihangaike. Nilijiona mjanja kweli.

Tangu hapo kanda zikawa zinatoka upesi. Zilizokuwa zikichukua saa mbili zilitoka kwa dakika mbili. Kwenye skrini palitokea maandishi mekundu ya Kiingereza. Ningeweza kumwomba mtu anisomee. Sikuomba, kwa sababu angejua kwamba miaka yote nilikuwa nabonyeza tu. Nikajiambia mashine imezoea kazi. Nikaandika tarehe kwa mwandiko wangu ule, nikapanga rafuni.

Fundi mpya alipofika alikuwa binti, umri wa kitinda mimba wangu, yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya rafu akashika kiuno.

"Shikamoo baba. Hizi lebo ameandika mtu au mashine?"

"Marahaba. Mashine ipate wapi adabu hii?"

Akacheka. Akanieleza kwamba ataweka programu ya kusimamia seva bila mtu kukaa nayo, na kazi yake ya kwanza ni kutambua kila kanda ina nini. Tutailisha kanda moja moja, itasoma, itaandika orodha. Akitafutwa mtoto aliyezaliwa miaka sita iliyopita, tutajua yuko kanda ipi.

"Kwani lebo zangu hazitoshi?"

"Lebo inasema tarehe, baba. Haisemi kilichomo."

Jumanne ya wiki yake ya sita tulilisha kanda za zamani, orodha ikamiminika, majina hadi nikaona na la mjukuu wangu. Jumatano tukaingia kwenye zile za boksi jipya. Programu ikaandika: tupu. Nyingine, tupu. Hadi jioni, sitini na moja, zote tupu.

Mkuu wetu wa masjala akaitwa. Akatazama skrini, akamtazama binti.

"Kanda zilikuwa nzima mpaka programu yako ilipozigusa. Umezifuta."

"Mkuu, programu inasoma tu."

"Mzee Kabati tunamjua miaka thelathini. Wewe tunakujua wiki sita. Jumatatu kwenye kikao utajieleza, na suala la majaribio yako tutalimaliza hapo hapo."

Wakati anasema hayo nilikuwa nimeshika kanda, na kidole gumba changu kilikuwa juu ya kufuli. Limefungwa. Nikakumbuka asubuhi ile ya chai, na nikaelewa kila kitu. Mdomo ulifunguka. Nikakohoa, basi.

Alhamisi sikusema. Ijumaa sikusema. Zilibaki wiki tano nistaafu, na walikuwa wameshapanga nani atanisifu. Nyumbani mke wangu aliona sahani haipungui.

"Umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Basi kula." Akangoja. Mwishowe nikamsimulia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Huyo binti anategemewa na nani kwao?"

"Sijui."

"Wiki sita mmekaa chumba kimoja, hukumuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Yeye alikuwa ameuliza habari za wajukuu wangu wote.

Jumatatu mkuu alisoma shutuma. Binti akasimama, kashika diari yake kifuani, hakunitazama hata mara moja. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Programu haikufuta kitu. Kanda hazikuwahi kuandikwa. Nilizifunga kufuli zikiwa mpya."

Mtu wa mapokezi aliguna.

"Mzee, una hakika?" mkuu akauliza taratibu, kama anayenitafutia mlango.

"Nina hakika tangu Jumatano."

Kosa la kufuli wangenisamehe, niliona nyusoni mwao. Ni hiyo Jumatano iliyowafanya wainamishe macho. Mkuu akamwomba binti radhi, akafunga kikao bila kunitaja.

Kwenye chumba cha baridi binti alifungua diari akatoa karatasi iliyokunjwa. Programu ilikuwa imeandika mstari mmoja kwa kila kanda: kufuli limefungwa, haiwezi kuandikwa wala kufutwa.

"Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Jumatano, baba."

"Mbona hukuitoa?"

"Ningeitoa mwisho wa kikao. Nilitaka kwanza upate nafasi ya kusema mwenyewe."

Nafasi hiyo nilikuwa nimeikalia siku tano, naye akinisalimu kila asubuhi.

Akataka kuchapisha lebo mpya. Nikamwomba aniachie. Nikabandua tarehe zangu moja moja, nikaandika "Tupu" mara sitini na moja, polepole, herufi zikisimama wima. Nilipokuwa kwenye ya mwisho akaja nyuma yangu.

"Mwandiko bado mzuri, baba."

Alisema kwa wema kabisa. Nilishindwa kuinua uso.