Mfumaji aliyefariki asubuhi, akasaini pensheni yake jioni

GABROVO. Kila neno lililomo humu ni la kweli tupu. Mwandishi wa makala haya alitunza stoo ya kiwanda cha sufu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakikupotea hata kibiriti, sembuse ukweli. Anaapa kwa macho yake mawili, na msomaji atakayekuta humu uongo mmoja, basi gharama zote ziwe juu ya mwandishi.

Saa moja asubuhi, tarehe 14 Oktoba. Ukungu umelala juu ya mto Yantra na haujaonyesha nia ya kuamka. Chini ya nguzo ya taa karibu na daraja, Tsonka Rusinova, miaka 53, anakoroga ndoo ya gundi. Ni unga, maji ya moto na siki kidogo, ili panya wasiile.

Kazi yake ni kubandika matangazo ya kumbukumbu. Siku arobaini bila baba, nusu mwaka bila shangazi, miaka kumi bila mwalimu wa hesabu. Hubandika kwenye nguzo, kwenye vituo vya basi, na kwenye mlango wa nyumba aliyotoka marehemu. Kila karatasi humpa senti arobaini za euro.

"Wafu ni wateja wazuri," anasema, huku akipitisha brashi. "Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia nimembandika upande."

Karatasi huchapwa mji wa Sevlievo, na gari huzileta alfajiri zikiwa zimefungwa mabunda. Tsonka huhesabu kila bunda kabla ya kulifungua, maana analipwa kwa karatasi. Asubuhi hiyo bunda la kwanza lilikuwa na nane. La pili tano. La tatu lilikuwa na kumi na mbili, na juu yake kipande cha karatasi kimeandikwa: nakala 12, zimelipwa.

Alipaka gundi kwenye nguzo, akainua karatasi ya juu, akataka kuibandika. Mkono ukabaki hewani.

MIEZI SITA BILA TSONKA RUSINOVA, liliandikwa tangazo. *Mashine namba 14 bado inauliza umekwenda wapi. Wenye majonzi, wenzako wa ukumbi wa kufuma.*

Picha ilikuwa yake, ya miaka mitano iliyopita, anacheka. Begani pake palikuwa na mkono wa mwanamume aliyekatwa na ukingo wa picha. Ulibaki mkono na kipande cha koti tu, chenye vifungo vitatu, viwili vyeusi na kimoja cheupe. Kiganja kilikuwa kimetulia pale begani kana kwamba hakihitaji mtu wa kukibeba.

"Kufa sikukuogopa," anasema Tsonka. "Niliogopa kuona wamepatia tarehe."

Walikuwa wamepatia kweli. Miezi sita kamili kabla ya siku ile, tarehe 14 Aprili, kiwanda kilifungwa na Tsonka akazima mashine namba 14 kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameisimamia kwa miaka ishirini na saba. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa euro 790. Aliondoka na mishahara mitatu ndani ya bahasha, maumivu ya goti, na akaunti katika mfuko wa pensheni ya hiari yenye euro 19,400.

Akaunti hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi kiangazi kizima. Sheria ya mfuko ule ni moja: ukiacha kazi, una miezi sita ya kusema pesa zako zigawanywe vipi. Usiposema, zinahamishwa zote kwenye mfuko wa kusubiri, ambako hazizai kitu hadi utimize miaka sitini na mitano. Siku ya mwisho kwa Tsonka ilikuwa hiyo hiyo, tarehe 14 Oktoba, saa kumi na moja jioni.

Tangu mwanzo alikuwa ameweka kila kitu kwenye hatifungani za serikali, kwa woga. "Baba yangu aliweka benki bei ya gari," anaeleza. "Ulipokuja ule msimu wa baridi wa mwaka 1997, pesa zilipopoteza thamani, alichotoa kilinunua viatu. Tena vya mtoto."

Lakini alipofungua daftari Julai, akiwa hana kazi na ana muda wa kutosha, aliona jambo. Pesa zake zilikuwa zimekua polepole kuliko bei ya jibini. Woga ule ulikuwa unamla taratibu bila kelele. Miaka kumi na miwili ilikuwa bado imebaki, na hiyo si michache. Akaamua: sehemu sitini katika mia ziende kwenye hisa, thelathini zibaki kwenye hatifungani, kumi zikae karibu kwa ajili ya dharura.

"Niliandika kwa penseli, nikafuta mara tisa," anasema. "Mara ya kumi nikaandika kwa kalamu ya wino. Pesa hizi ndizo zitakazonizuia kuwa mgeni sebuleni kwa mwanangu Stuttgart, nikila nyama saa nisiyoitaka."

Kwa hiyo asubuhi ile aliyatia matangazo yake yote kumi na mawili mkobani, akamaliza kubandika wafu wengine, na saa tatu akaingia ofisi ya wakala wa pensheni.

Wakala ni Evlogi Panchev, mtu makini kupita kiasi. Kila siku kabla ya kazi huzunguka mji na kahawa mkononi akisoma matangazo ya kumbukumbu, kwa sababu ndugu wa marehemu huchelewa kutoa taarifa. Anajivunia kwamba humtangulia padri.

Alipomwona Tsonka mlangoni alisimama, akajipiga ishara ya msalaba.

"Mungu akurehemu, dada Tsonka," alisema. Kisha akajirudi. "Yaani... habari za asubuhi."

"Nzuri. Nimekuja kusaini."

"Huwezi. Umefariki."

"Lini?"

"Saa moja na nusu. Nimekuingiza mimi mwenyewe."

"Kwa ushahidi gani, Evlogi? Uliniona nimelala wapi?"

"Tangazo. Limebandikwa lango la kiwanda. Nusu mwaka bila wewe. Nikajisemea, loo, nimepitwa na msiba wa nusu mwaka mzima! Makao makuu watanila nyama."

Tsonka alifungua mkoba. Akayahesabu matangazo juu ya meza, moja moja, kwa sauti. Kumi na mbili. Evlogi akalowesha kidole, akahesabu na yeye. Kumi na mbili.

"Sijabandika hata moja," Tsonka alisema. "Yalikuwa yamefungwa kwa kamba hadi saa moja."

"Basi lile la langoni," alisema Evlogi, na sauti yake ikashuka, "ni la kumi na tatu."

Walitazama kompyuta. Jina la Tsonka lilikuwa limegeuka kijivu. Kila walipoligusa, mashine ilijibu: mshiriki hayupo. Hatifungani zake zilikuwa zimeshaanza kuuzwa ili zipelekwe kwa mrithi. Kilichoweza kusimamisha jambo hilo ni hati ya uhai yenye muhuri, ifike mezani kabla ya saa kumi na moja.

Wakati huo huo simu ya Tsonka ililia.

"Mama?" alisema Dragomir, mwanawe, kutoka Stuttgart.

"Ndiyo."

"Ni wewe?"

"Kwani ulitegemea nani apokee simu yangu?"

"Nimepata ujumbe. Wananipa pole, wanataka namba ya akaunti." Akaanza kulia, kisha akakasirika, kama wanaume wafanyavyo. "Mama, usinifanyie hivi tena!"

"Sawa mwanangu. Siku nikifa kweli nitakupigia mwenyewe."

Alitoka nje. Kumbe Evlogi alikuwa amemwambia mwoka mikate, na mwoka mikate hakuwahi kumaliza asubuhi na siri tumboni. Watu wa uwanjani walimpisha. Hakuna aliyemsalimu, kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Mwanamke aliyefuma naye bega kwa bega miaka kumi aliinamisha macho, akahamia upande wa pili wa barabara.

Mlangoni kwake alimkuta jirani, Bibi Gena, miaka themanini na mmoja, ameshika bakuli la ngano iliyochemshwa, yenye sukari na jozi zilizotwangwa, ile inayogawiwa kwa ajili ya roho ya marehemu.

"Chukua, mwanangu, umkumbuke Tsonka," alisema Bibi Gena. Akakodoa macho. "Ee! Si ndiwe mwenyewe?"

"Ndimi, bibi."

Bibi Gena alifikiri kidogo. "Kula tu. Nimeshapika."

Tsonka alikula akiwa amesimama. Anasema ilikuwa tamu, ila ilikosa zabibu kavu, na kwamba ni jambo la ajabu kuhisi umeshiba kwa niaba yako mwenyewe.

Mthibitishaji wa hati angefungua saa nane. Palikuwa na muda, na miguu ya Tsonka ikampeleka kiwandani bila kumwuliza.

Lango lilikuwa na mnyororo ule ule wa Aprili, umeshika kutu. Pembeni pana kibanda cha mlinzi chenye dirisha dogo la kioo. Tangazo lilikuwa pale, na sura yake ikimtazama. Alinyoosha mkono alichune, kucha zikateleza kwenye kioo kitupu. Lilikuwa limebandikwa kwa ndani.

Gundi ilikuwa bado mbichi, inachuruzika. Kwenye ufa wa dirisha alinusa siki.

Mji mzima hakuna mwingine anayetia siki.

Ndipo aliposikia, kutoka ndani kabisa, ukumbi wa kufuma: tak, tak, tak. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Petka, siku ambayo hapa mwanamke hashiki sufu hata kwa bahati mbaya, na umeme wa kiwanda ulikatwa tangu Mei. Tsonka alihesabu. Pigo la tisa likarukwa. Mashine namba 14 ndiyo peke yake iliyokuwa ikiruka pigo la tisa, na kwa miaka ishirini na saba fundi hakuweza kuiponya.

"Nilitaka kuita," anasema. "Nikaona, nikiita na mtu akaitika kwa sauti yangu, nitafanya nini? Nikarudi mjini mbio, na goti hili."

Mthibitishaji wa hati alimtazama, akatazama kitambulisho, akamtazama tena.

"Kusimama mbele yangu si ushahidi, mama," alisema. "Andika jina. Tena. Tena mara ya tatu." Alipiga muhuri akadai euro 36. Tsonka ni mtu wa Gabrovo, mji unaosifika kwa ubahili. Anasema hapo ndipo roho ilipotaka kutoka kweli.

Saa kumi na dakika hamsini na moja Evlogi aliingiza hati. Kompyuta ikauliza sababu ya mshiriki kurejea. Ilitoa nafasi tatu: kosa la jina, ndoa, kurudi kutoka nje ya nchi.

"Kufufuka hakumo," alisema Evlogi, jasho likimtoka.

"Weka nje ya nchi. Si uongo sana."

Jina likarudi kuwa jeusi. Tsonka akasaini: sitini, thelathini, kumi. Saa ya ukutani ikagonga kumi na moja wino ukiwa haujakauka. Aliyeagiza matangazo yale hajulikani hadi leo.

Sasa anaendelea kubandika asubuhi, na mchana anashona viraka. Amepanga kufungua daftari lake kila mwaka siku ya Mtakatifu Petka, atazame mgawanyo, na akifika miaka sitini aanze kupunguza hisa kidogo kidogo. Akifikisha sitini na mitano atanunua mashine ya kufuma ya mkono, aiweke chumba chenye jua. "Isiyoruka pigo," anasema. "Nimechoka kuhesabu."

Makala yalikuwa yameishia hapo. Lakini Tsonka aliomba kuyasoma kabla hayajapelekwa gazetini, na mwandishi, kwa heshima, alimpelekea nyumbani, akavua koti, akalitundika kwenye kiti cha jikoni.

Tsonka alisoma taratibu. Alipofika mahali palipoandikwa *hajulikani hadi leo*, aliweka kidole hapo. Macho yake yakahamia kwenye kiti.

"Mzee, hili koti lina vifungo vingapi mkononi?"

"Vitatu," alisema mwandishi, na papo hapo akajuta.

"Viwili vyeusi, kimoja cheupe. Nilikishona mimi, ile safari ya Tryavna, cheusi chako kilipoanguka mtoni. Na picha tukapigwa baada ya hapo." Alitoa tangazo kwenye droo, akaliweka kando ya koti. "Wewe na stoo yako isiyopotea kibiriti!"

Mwandishi alikiri. Ilikuwa mzaha wa wazee wa kiwanda. Walikuwa wamenuna tangu Aprili, alitaka wacheke mara moja kwenye kahawa. Angejuaje kwamba Evlogi husoma wafu kama mwingine asomavyo magoli? Wala hakuwa na habari kwamba siku ya mwisho ya pensheni ilikuwa ile ile.

"Karibu univunjie miaka kumi na miwili ya mbele kwa kicheko kimoja," alisema Tsonka. "Usifute hata neno. Ongeza na hili. Na ulipe, umeapa mwenyewe hapo juu."

Mwandishi alitoa pochi. Euro 36 za muhuri. Na ujira wa karatasi kumi na mbili ambazo hazikubandikwa, senti arobaini kila moja.

"Na ya kumi na tatu?"

"Nilichapisha kumi na mbili, Tsonka. Risiti ninayo. Na kiwandani sijakanyaga tangu nistaafu. Haki ya Mungu."

"Kiapo kama hicho ndicho ulichoanza nacho makala."

Mwandishi alisukuma senti arobaini nyingine mezani, kwa mkono ule ule uliomo kwenye picha, na wasomaji watamsamehe, hadi leo hajui hizo zilikuwa ujira wa nani.