Propela Iliyopimwa kwa Katoni

Juzi hapa Kisumu nilimsindikiza mume wangu kwenye duka la vifaa vya boti. Muuzaji aliuliza mambo mawili tu: mashine ni ya nguvu gani, na boti inabeba nini. Akainama chini ya kaunta, akatoa propela, akaifunga kwa gazeti. Hata soda yangu sikuwa nimeimaliza. Nilikasirika, rafiki yangu, na maskini yule muuzaji hakujua kosa lake. Sisi kule Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, propela kama ile tuliichagua tangu mvua za mwisho mpaka vita.

Boti ilikuwa ya baba na baba mdogo. Ilishuka na mto hadi kisiwa alikoishi nyanya, mama yao, ikarudi na mboga zake: bamia, kudra, jirjir. Sisi watoto tulizipokea ukingoni, tukasuuza mashina yake matope, mikono ikinuka majani mabichi na petroli hadi usiku. Ndipo siku moja, maji yakiwa ya matope, propela ikagonga mwamba. Mapanga yake matatu yakalika kama masikio ya paka mgomvi. Tangu siku hiyo nyanya alikaa kisiwani peke yake, akisubiri mtumbwi wa kupita. "Na mzee akiugua huko?" mama alikuwa akiuliza, na hakuna aliyebisha. Walikubali wote, kisha wakakaa kikao.

Kwa watu wetu, mali ya ukoo hainunuliwi kabla watu hawajakaa. Na anayekuja kwa kuchelewa lazima asimuliwe yote upya, ndiyo heshima. Kwa hiyo mimi nilichemsha chai ya tangawizi, nikaichemsha tena, na maneno yakaanza tena kutoka kwenye mwamba.

Shida ni kwamba uhuru uliwarudisha nyumbani wanaume hawa, kila mmoja na nchi aliyokimbilia. Baba alikulia Kenya, ndiko alikomwoa mama. Baba mdogo alikulia Uganda. Jirani yetu, fundi wa mashine, alizeekea Khartoum.

"Propela ya kudumu ni ya Kisumu," baba alisema. "Hiyo haina maneno."

"Mimi iko na miaka mingi Jinja," akajibu baba mdogo. "Boti yote huko nafunga ya Kampala. Iko mwepesi."

"La, ya akhi, ndugu yangu!" jirani akapiga goti. "Chuma ya Khartoum iko gowi, iko na nguvu. Inapiga jiwe, jiwe ndiyo navunjika!"

Mama, kutoka jikoni, aliwaambia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wakamsifu kwa methali nzuri, wakaendelea.

Kampala ilishinda kwa sababu tu basi la huko lilikuwa linaondoka. Baba mdogo akalaza propela ya zamani juu ya katoni ya sabuni, akaizungushia kalamu, akakata, akampa dereva kipimo. Wazee wazima watatu walisimama pale wakitazama, na hakuna aliyeona kwamba amepima mapanga yaliyokwisha kulika! Kampala ikatuletea propela ndogo, saizi ile ile ya hasara yetu. Tuliifunga, mashine ikapiga ukelele, boti ikasogea kama bata aliyeshiba. Badala ya kuagiza nyingine, wakakaa kikao cha kutafuta mwenye kosa. Ile ndogo ikatundikwa kwenye msumari juu ya mtungi wa maji.

Desemba hiyo, mwaka wa tatu wa uhuru, bunduki zikalia upande wa pili wa mto. Asubuhi ile hakuna aliyetaja Kisumu wala Khartoum. Baba aliitungua propela ya msumarini, wakaifunga, wakashuka kumfuata mama yao.

Kushuka ni rahisi, mto wenyewe unakupeleka. Kurudi ndiko kulikotutesa. Mimi na mama tuliisikia mashine muda mrefu kabla ya kuiona, ikilia kwa nguvu zake zote huku boti ikitambaa, na risasi zikilia ng'ambo. Niliogopa mpaka nikawachukia wote watatu. Jua lilikuwa limeinama walipofika. Nyanya alikuwa amepakata kuku, gauni limelowa hadi magotini.

"Nyinyi mlikuwa mnachagua propela," aliwauliza, "au mke?"

Tulipanda lori, tukapita Nesitu hadi Nimule, mpakani. Boti ilibaki ukingoni, na sijui ni nani aliyeichukua. Harufu ya kudra mbichi sijaipata tena mahali popote. Pale Nimule kila mtu alirudi kwenye nchi ambayo propela yake aliitetea: jirani alishaanza kuulizia njia ya Khartoum, baba akasema tunakwenda Kenya, baba mdogo akasema Uganda. Kisha, naapa, wakaanza kubishana kando ya barabara nyanya aende na nani.

Nyanya hakuwahi kukimbilia popote. Vita vyote vya zamani vilimkuta kisiwani na vikamwacha kisiwani. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, akawasikiliza mpaka wakanyamaza.

"Na mimi," akauliza, "narudi wapi?"