Viti Vyake Hujaa kwa Wafu Tu

Asubuhi ya Ijumaa mjini Kiminini, Phelista Nasambu ameketi kwenye kiti cha plastiki na kunyoosha miguu juu ya kingine. Miguu imevimba hata ndara haziingii. Mbele yake Khisa, mfanyakazi wake, anapakia viti kwenye lori.

"Vya matanga ya Naitiri ni ngapi, mama?"

"Mia tatu, na mahema mawili. Ukivirudisha na matope, utaviosha na ulimi."

Khisa anacheka. Phelista hacheki. Pumzi yake haitoshi kusema na kucheka kwa pamoja.

Mjane huyu wa miaka arobaini na mmoja hukodisha viti na mahema, shilingi tano kila kiti kwa siku. Kwa kazi hiyo amemfikisha binti yake Ivy chuo cha ualimu. Karibu viti vyote huenda matangani.

Utotoni aliumwa koo mara kwa mara. Dawa yake ni ya bei rahisi, lakini zahanati ya kwao haikuwa nayo, na hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini. Maradhi yakashuka moyoni. Moyo ulipochoka kusukuma damu, damu ikarudi nyuma na kujazana kwenye ini, mpaka ini nalo likajaa makovu.

Mwaka jana, 2006, madaktari walimweleza kwamba moyo mpya peke yake hautamfaa, maana ini lake halitastahimili upasuaji. Anahitaji vyote viwili, kutoka kwa marehemu mmoja, vipandikizwe kwa upasuaji mmoja. Hapa nchini kazi hiyo haifanywi. Hospitali moja ng'ambo imekubali kumpima mwezi wa Agosti, ione kama anafaa. Nauli na vipimo ni laki sita.

Mwezi wa Machi ukoo wa marehemu mumewe uliitisha harambee. Phelista alitoa viti bure. Waliokuja hawakujaza hata hema moja.

"Nilitazama viti vyangu vimekaa vyenyewe," ananiambia. "Vilevile vilijaa kwa mazishi ya binamu ya mume wangu, watu wengine wakasimama juani. Walichinja ng'ombe wawili. Na huyo binamu alikufa akikosa pesa ya dawa ya sukari!"

Ng'ombe wa mazishi hapatikani kwa shida. Ng'ombe wa hospitali bado hajazaliwa.

Kisha akaja shemeji yake Hiram, mweka hazina wa kamati ya mazishi ya ukoo. Alikunywa chai akamaliza.

"Mulamwa, shemeji yangu," akasema, "hatukuombei mabaya. Lakini ile siku ikifika, hivi viti tutatumia bure ama Ivy atatudai?"

"Umekunywa chai yangu ndiyo uniulize hivyo?"

"Si ni kupanga tu, bana."

"Weka kikombe chini, Hiram. Njia uliyojia unaijua."

Tangu siku hiyo, kiti chake hakiendi kwenye mazishi ya ukoo huo. Wiki iliyopita huko Misikhu, wazee wenye makoti walikalia matofali.

Sasa ametangaza matanga yake mwenyewe, Jumamosi ya kwanza ya Julai, nyumbani kwake. Anataka ukoo ulete sasa kile ambacho ungeleta akifa: fahali, mahindi na michango. Fahali atauzwa akiwa hai.

Hiram, niliyemkuta sokoni, alitikisa kichwa. "Kulilia mtu mwenye anapumua ni mwiko. Huyu mama ataita kifo."

Nilipomfikishia Phelista maneno hayo, alivuta pumzi kabla ya kujibu.

"Kifo hakingoji kuitwa. Kila Jumamosi kinakalia viti vyangu, na nauli yake hakijawahi kukosa. Mimi ndiye nimekosa."

Hajui kama hospitali itamkubali. Hajui kama moyo na ini vitapatikana. Anachotaka ni kufika huko na kuambiwa ndiyo au la na daktari, si na Hiram.

Khisa ameshaambiwa asikodishe kiti hata kimoja siku hiyo.

"Nitakaa mbele kabisa," anasema Phelista. "Anayetaka kulia, alie nikimwona. Na atakayekuja mikono mitupu, huyo atasimama."