Nilivyompangia mwenyekiti wa kikundi kipimo cha mimba

Wakuu, heshima zenu. Atakayesema hii ni chai aje Nambis, nitamwonyesha ng'ombe mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa dukani, Katesh. Ng'ombe namjua kwa maziwa tu. Nikapata kazi ya majaribio kwenye kampuni ndogo inayowatumia wafugaji meseji za kuwakumbusha tarehe za huduma. Nilikuwa naingiza data kwenye mfumo kutoka daftari la kikundi cha wafugaji wa Nambis.

Sasa hilo daftari! Kila mstari majina mawili, namba ya simu na maoni. Hakuna pa kujua nani ni nani.

Mstari wa kwanza: Paskalina, Safari. Nikaamua Paskalina ni mama, Safari ni ng'ombe. Sikuuliza mtu.

Kumbe Mzee Safari ndiye mwenyekiti wa kikundi. Ng'ombe wake alizawadiwa na mama mkwe, naye akamwita Paskalina, jina la huyo mama mkwe.

Meseji ikaenda kwenye simu ya mzee:

"Habari Paskalina. Leo saa nne mtaalamu atampima Safari mimba. Mfunge imara, anapiga mateke."

(Hayo mateke yalikuwa kwenye maoni, sikuyatunga.)

Mkewe akaisoma kwa sauti mbele ya wazee wa kanisa waliokuja kunywa chai. Hawajamaliza kucheka, mtaalamu huyo mlangoni, glovu mpaka begani.

"Shikamoo mzee. Safari yuko wapi?"

"Marahaba. Ni mimi."

Jamaa akavua glovu taratibu.

Mchana nikaitwa kikaoni. Wanachama wanataka namba zao zote zifutwe, na zikifutwa sina kazi. Niliogopa, wakuu. Niliwaamkia shikamoo hadi watu wa rika langu.

Mzee Safari akaniuliza, "Kijana, ulishindwa nini kuuliza?"

Nikaomba radhi.

"Namba zibaki," akasema. "Ila utapita kila nyumba, umsomee mtu ulichomwandika. Akikubali, ndiyo utume."

Nimepanda vilima siku nne, miguu imevimba. Makosa yalikuwa kibao. Mama mmoja hakuwahi hata kuulizwa kama namba yake itumike, nikaifuta mbele yake.

Kazi ninayo bado. Nilichojifunza: kila mstari wa data ni mtu, mwulize kwanza.

Paskalina kapimwa, mimba ipo. Mzee katangaza ndama akiwa dume ataitwa jina langu. Nimeshaliingiza kwenye mfumo, upande wa ng'ombe, na nimehakiki mara tatu.

Haya, nani mwingine ameshawahi kuharibu data za watu? Msiniache nichekwe peke yangu.